Nafasi ya Mke Mmoja

Mchafukoge, Dar es Salaam
9 Januari 1975

Kwa Dada Siwema,

Shikamoo. Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Tangu nimeolewa na mumeo, miaka minane sasa, tumeonana mara mbili tu, na zote ni misibani. Sikuandikii kwa ugomvi. Nakuandikia kwa sababu Ramadhan hasemi, na mimi jambo likinikaa rohoni chakula hakipiti.

Huko bandarini shirika lao limeanza mpango wa matibabu. Mfanyakazi anaandikwa yeye, mke wake na watoto wake. Ukiumwa unakwenda kwa daktari waliyepatana naye, karibu na Posta, unaonyesha kadi, unatibiwa. Ikibidi kulazwa au kupasuliwa, unapewa kitanda chako peke yako. Mpaka hapo ni heri tupu. Shida ni kwamba nafasi za watoto ni nne tu, na ya mke ni moja.

Ramadhan si unamjua? Mtu aliyezoea kununua doti mbili za khanga, rangi moja, ua moja, moja yako moja yangu, asije akaulizwa kesho mbele ya Mungu. Sasa mke mmoja atamgawaje? Alikaa na jambo hilo wiki nzima, hata kula hali vizuri. Mwisho karani akamwambia orodha inafungwa. Basi akakuandika wewe, kwa kuwa ndiye wa kwanza. Halafu, ili na mimi nisionewe, kwenye safu ya watoto akawatanguliza wa kwangu, Mbaruku na Sophia, ndipo wakafuata Zahoro na Mboni wako. Akarudi nyumbani amekunjuka uso, ananiambia, "Nimewalinganisha." Nilicheka mpaka nikalia. Mtoto wa kwanza au wa nne kwenye karatasi, daktari anajali nini?

Dada, wewe uko Pangani. Daktari yuko hapa, napishana naye njiani nikienda sokoni. Kadi itakufaa nini huko uliko? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Zamda

*

Pangani
27 Januari 1975

Kwa Bi Zamda,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe. Darasa la kisomo nimelimaliza na cheti ninacho, kwa hiyo ujue yaliyomo hayajapita kinywani mwa mtu mwingine.

Unauliza kadi itanifaa nini. Miaka sita nilimuuguza mama mkwe, nikimgeuza kitandani, nikimlisha, mpaka siku tuliyomzika na wewe ukaja na gauni jipya. Mume wetu analala kwako miezi kumi na mmoja, kwangu mmoja. Uliwahi kunisikia nikiuliza mimi yananifaa nini hayo?

Mwaka jana tumehamishwa, tumekusanywa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari. Zahanati ipo, mganga yupo, dawa anazo za aina mbili, ya homa na ya macho. Ukiumwa kingine unapewa mojawapo kati ya hizo. Hiyo ndiyo bima yetu.

Hii ni mara ya kwanza jina langu kuandikwa mahali huko Dar es Salaam. Sababu za kulitaka libaki ninazo, na sina haja ya kuzitaja. Wasalimie watoto. Waambie wamewatangulia kaka na dada yao kwenye orodha, wasijisahau wakadhani wamewatangulia na kuzaliwa.

Mimi,
Siwema

*

Mchafukoge
15 Februari 1975

Dada Siwema,

Shikamoo. Nisamehe kwa lile gauni, lilikuwa la kuazima.

Umenisema na nimestahili, lakini na mimi sikukuambia lote. Nina mimba ya miezi mitano. Nilikuficha kwa sababu nilijua utasema Zamda ametangulia na hapo tena. Sasa nasema, maana mficha uchi hazai, na mimi nazaa kwa shida. Sophia nilimzaa hospitali ya serikali. Ni bure kweli, siwezi kuisingizia, na manesi wale wanafanya kazi mpaka unawaonea huruma. Lakini tulilala wawili kitanda kimoja, kichwa cha mwenzangu miguuni pangu, na siku ya tatu mwenzangu alifariki, mimi nikidhani amesinzia. Mkunga alinionya nikizaa tena lazima nipasuliwe, na nisichelewe. Usiku nikiamka nahisi miguu yake iko pembeni ya uso wangu. Naogopa, dada. Sijui nilisemeje zaidi ya hivyo.

Nimetafuta njia nyingine usidhani nimekaa. Wakala wa bima alipita hapa na mkoba wake. Nikamsikiliza, nikamtilia chai. Kumbe yake inalipa ukikatika mkono au ukifa. Nikamuuliza, na nikizaa nikabaki hai? Akafunga mkoba. Jirani yangu Blandina, mke wa Mchaga mwenye duka la jumla hapa Kariakoo, wana chama chao cha watu wa nyumbani. Wanauguzana vizuri sana, wanambeba mpaka bibi aliyeko huko mlimani asiyejua hata Kariakoo iko wapi. Lakini sharti uwe mtu wa kwao. Blandina akaniambia, "Zamda, ningeweza ningekuingiza, lakini watakusalimia Kichaga utajibu nini?" Kipo na chama cha akina mama wa mtaani, cha kuzikana na kuuguzana. Hicho kinamwangalia mwanachama peke yake. Ukilazwa wanakuletea uji na kukufulia. Kukupasua hawawezi.

Hivyo ndivyo vilivyopo. Sikuombi kitu. Nimekuambia ujue tu.

Zamda

*

Pangani
6 Machi 1975

Mdogo wangu Zamda,

Ungesema hivyo barua ya kwanza tungeokoa stempu.

Nimemwandikia Ramadhan leo hii hii. Nimemwambia aende kwa karani wake akalifute jina langu aandike lako, na kama orodha imefungwa aifungue kwa meno. Asiniletee habari ya kutulinganisha. Mimi ni mzima. Nilikuwa nataka kadi kwa ajili ya jino la nyuma, linanisumbua. Jino halijaua mtu. Nitasukutua kwa chumvi kama nilivyozoea.

Nilizaa watoto watano, Zamda, na wawili ndio uliowaona. Wale watatu wengine niliwazaa wapi na walikwendaje, sikusimulii, una mimba. Kazae kwenye kitanda chako peke yako. Nyosha miguu.

Dada yako,
Siwema

*

Mchafukoge
20 Juni 1975

Dada,

Nimezaa. Ni msichana, tumemwita Tunu. Nilipasuliwa kama mkunga alivyosema, nikalazwa kitanda cha shuka nyeupe karibu na dirisha, na nesi ananiita Bibi Ramadhan. Nilikuwa nimekutayarishia barua ndefu ya kukushukuru. Nimeichana.

Jana alikuja sokoni bibi mmoja wa kijijini kwenu, ameleta nazi. Kusikia mimi ni wa nyumba ya Ramadhan mwendesha winchi bandarini, akanishika mkono akaniambia, "Mwenzako hali yake si nzuri." Akanieleza kwamba unatoka damu tangu mwaka jana, haikatiki. Kwamba shamba la kijiji huendi, na wapo wanaokusema mvivu. Kwamba umeanguka kisimani na ndoo kichwani. Kwamba mganga amekushika tumbo, akahisi uvimbe, akasema upasuaji ni Dar es Salaam.

Jino, dada? Hilo ndilo jino la nyuma?

Nimekaa na kadi yako mkononi sijui niitupe wapi. Ulikuwa unaihitaji kuliko mimi, au sawasawa na mimi, na ukanitania ili niichukue bila kuona haya. Nimekukasirikia. Nimekukasirikia sana, na nikimnyonyesha huyu mtoto nalia.

Leo asubuhi tulikwenda ofisini na Ramadhan, kidonda changu bado kinavuta, nikamwambia karani alirudishe jina lako. Akasema mara ile tulibadili kwa kuwa orodha ilikuwa bado mezani kwake. Sasa imekwenda juu. Jina la mke linabadilishwa kwa mambo mawili tu, talaka au kifo. Akasema kwa upole, akifungua kitumbua chake. Niambie ukweli, umefikia wapi?

Zamda

*

Pangani
2 Julai 1975

Mdogo wangu Zamda,

Hongera kwa Tunu. Hilo ndilo jambo la kwanza na ndilo kubwa.

Yule bibi ana mdomo mrefu kuliko safari yake. Lakini hakusema uongo. Hospitali ya serikali ya huku mkoani nimekwenda. Daktari alinipima, ni mtu mwema, akasema uvimbe lazima utolewe. Akanipangia Machi mwakani, kwa kuwa dawa ya usingizi haitoshi na walio mbele yangu ni wengi. Nikamuuliza nitafika Machi? Akaandika kitu kwenye karatasi, hakuniangalia.

Nina siku nzuri na siku mbaya. Siku mbaya dunia inakuwa nyeupe pembeni, nakaa chini palepale nilipo. Mboni ndiye anayepika. Zahoro ameacha kunijibu jeuri, na hilo ndilo lililonitisha kuliko daktari.

Sikukuficha ili nionekane mwema, usinivishe kilemba. Wewe ulikuwa na miezi minne mbele yako, mimi niliona naweza kusubiri. Nilihesabu vibaya. Basi tena. Nakuomba jambo moja. Likinifika la kunifika, watoto wangu uwachukue wewe, wasipelekwe kwa shangazi zao. Unafoka, lakini humsemi mtu nyuma.

Siwema

*

Mchafukoge
14 Julai 1975

Dada Siwema,

Wanao utawalea mwenyewe. Soma barua hii ukiwa umekaa, halafu funga mzigo.

Karani alisema talaka au kifo. Basi tumechagua talaka. Usishike kichwa, nisikilize kwanza. Ramadhan ananiandikia talaka mbele ya Shehe Mwinyimvua na mashahidi, karatasi inakwenda ofisini, jina langu linatoka, lako linaingia. Unakuja, unapasuliwa, unapona. Mimi nakaa eda yangu. Kabla haijaisha Ramadhan ananirejea, maneno mawili mbele ya mashahidi, tunapika pilau, yamekwisha. Watu wangapi wameachana wakarudiana kwa sababu ya chumvi kuzidi kwenye mchuzi? Sisi angalau tuna sababu.

Ukipata barua hii itakuwa imeshaandikwa, kwa hiyo usihangaike kukataa. Shehe alitukalia kikao. Akatuambia talaka haina mchezo, ukiitoa kwa mzaha ni talaka, ukiitoa kwa hila ni talaka. Nikamjibu hatuchezi, Shehe. Akanitazama sana.

Mimi nahamia kwa mama, hapo Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, na watoto wote watatu. Chumba hiki cha Mchafukoge nakiacha kimefagiliwa. Kwenye mtungi kuna maji, kwenye kopo la bluu kuna sukari, nimeipangia foleni, usimpe Ramadhan yote. Njoo na basi la kwanza utakalopata. Na hili la talaka usimuulize Ramadhan, atalia mbele za watu utatahayari bure.

Mdogo wako,
Zamda

*

Pangani
12 Oktoba 1975

Kwa mume wangu Ramadhan,

Asalaam aleikum. Mimi sijambo. Kidonda kimefunga, na Ijumaa nilichota maji mwenyewe, ndoo nusu. Damu imekoma. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi na nguvu zikawa bado zimo mwilini. Kwa hilo nakushukuru wewe, na daktari, na Mungu.

Lakini nina neno na wewe. Siku zote nilizolazwa Zamda alikuja na uji. Alinikogesha, alinisuka nywele, alinichekesha mpaka nyuzi zikaniuma. Na kila ulipoingia wewe, alijitanda khanga mpaka usoni akatokea mlango wa pili. Nikadhani mnaogopa macho ya watu wa shirika. Nilipotoka hospitali nikalala chumbani kwake wiki mbili, hakukanyaga.

Sasa nimepata nguvu za kufikiri. Mwanamke wa talaka rejea anakaa eda nyumbani kwa mumewe. Mimi nilisoma chuo cha Kurani hata kama kalamu nimeishika ukubwani. Kwa nini yeye alihamia kwa mama yake siku ileile? Na kwa nini mpaka leo hujamrejea? Miezi mitatu imekwisha. Au umeonja raha ya nyumba moja, kwamba fahali wawili wamekushinda zizini? Kama ndivyo, nitakuja huko mwenyewe na kidonda changu. Mrejee mwenzangu, Ramadhan. Nikiwa mzima kwa kadi iliyotoka mkononi mwake, siwezi kula.

Mkeo,
Siwema

*

Mchafukoge
28 Oktoba 1975

Mke wangu Siwema,

Waleikum salaam. Mimi si mwandishi, utanivumilia.

Siwezi kumrejea. Ile ilikuwa talaka ya tatu.

Ya kwanza niliitoa mwaka aliozaliwa Mbaruku, kwa hasira. Ya pili mwaka aliozaliwa Sophia, kwa ujinga, hata sababu siikumbuki sawasawa. Zote nilimrejea baada ya siku chache, na wewe hukuambiwa, aliona haya usije ukamdharau. Sasa nilikuwa nimebakiwa na moja, na mimi na yeye tulijua.

Nilimkatalia. Nilimwambia tusubiri Machi pamoja na wewe, tuombe Mungu. Akaniambia, "Ramadhan, pale ofisini wanapokea karatasi za aina mbili, ya talaka na ya maziko. Wewe unataka kumpelekea karani ipi?" Tukaenda kwa Shehe. Alinikataza nisikuambie mpaka upone, akasema ukijua hutakubali kupanda lile basi.

Sikuonja raha yoyote. Narudi kutoka kazini, nafungua mlango, najipikia. Usinilaumu sana.

Ramadhan

*

Pangani
18 Desemba 1975

Zamda,

Nimekaa na kalamu hii zaidi ya mwezi. Kila nikianza "mke mwenzangu" nakumbuka siyo tena. Shehe wenu alisema kweli, talaka haina mchezo, na wewe peke yako katika kikao kile ndiye uliyekuwa huchezi.

Nilipopata habari nilikutukana. Nilikaa kwenye kibaraza nikakutukana matusi yote niliyofundishwa na nyanya yangu, Mboni akaja mbio akidhani nimepandwa na shetani. Mimi nilikupa nafasi kwenye orodha nikajiona nimekupa kitu kikubwa. Wewe ukanipa nyumba yako, na mume uliyekuwa unampenda, maana najua unampenda, uliniambia hospitalini anavyokoroma na ukasahau kwamba na mimi namjua. Na ukaniandikia habari za pilau. Ungeniambia ukweli ningebaki Pangani nikafa, na wewe uliliona hilo. Sijui nikushukuruje. Nina uchungu na wewe, nakupenda, na naona haya, vyote kwa pamoja, na hakuna kinachompisha mwenzake.

Mama yako ameniambia kwa barua kwamba umejiunga na kile chama cha akina mama, cha uji na kufuliwa. Cha mtu mmoja mmoja. Siku utakayougua mimi nakuja, hata uwe na kadi hata usiwe nayo, na utapiga kelele zako huku nakugeuza kitandani. Nina uzoefu.

Kuna jambo dogo nimelifanya bila kukuuliza. Zahoro ameajiriwa shamba la mkonge, wana zahanati yao, anatibiwa huko. Nimemwambia Ramadhan jina lake litoke kwenye orodha ya shirika, aingie Tunu. Kwa watoto karani hakutaka karatasi ya maziko wala ya talaka, alipiga mstari tu. Kwa hiyo sasa ni Mbaruku, Sophia, Tunu, halafu Mboni wangu wa mwisho. Wa kwako wametangulia tena.

Ramadhan alikuja kwa Idi. Amekonda. Alifungua mzigo wake mbele yangu, akatoa doti za khanga, mbili, rangi moja, ua moja. Amenunua kwa mazoea, duka lilelile la Kariakoo, mwenye duka naye akamfungia mbili bila kuuliza. Akasimama ameishika ile ya pili, hajui aiweke wapi. Mimi sikumsaidia.

Kisha nikaipokea. Nimeikunja, nimeifunga kwa kamba ya mkonge, anakuletea yule bibi wa nazi. Na mimi yangu nimeshaikata, leo nimeivaa.

Dada yako,
Siwema